Ndoana Zilizotoka Kawangware

Tangu Machi 2025, Rais William Ruto alipozindua mradi wa kufufua mito ya Nairobi, watu wa mitaa ya chini wamekuwa na mazungumzo mapya. Vijana wa mpango wa ClimateWorX wanashuka kingoni na reki na buti za mpira, matingatinga yanachimba, na kila mtu ana kipimo chake cha mto uliopona. Mwanasiasa anataka njia ya kutembea na miti iliyopangwa safu. Mwenye nyumba anataka harufu iondoke ili apate wapangaji. Mama wa mboga anataka maji yasimfikie tena kibandani kama yalivyomfikia Aprili na Mei 2024.

Mimi nataka samaki. Nikilisema hilo kwenye mikutano ya mtaa, watu hunitazama kama niliyesahau tunaongea habari ya Kawangware. Lakini kipimo hiki sikukiokota. Nilikifikia kwa njia ndefu iliyoanzia Kibera, ikapitia kazi ambayo Wakenya wengi hawajui kwamba ipo, na ikapita pia katika siku moja fupi ya mvua kando ya Mto Sagana.

Nilikulia Silanga, upande wa Kibera unaoteremkia Bwawa la Nairobi. Bwawa hilo lilijengwa 1953 liwe akiba ya maji ya jiji. Mto Motoine unaliingia kutoka magharibi, na unapotoka upande wa pili unaitwa Mto Ngong. Nilipokuwa mtoto, bado kulikuwa na klabu ya mashua za tanga, na Jumapili tulikaa kwenye mteremko kutazama vitambaa vyeupe vikigeuka na upepo. Upande wetu hakukuwa na mashua. Kulikuwa na wanaume wenye mishipi, na kati yao mzee mmoja jirani yetu, mzaliwa wa Nyakach, aliyevua kambare jioni akitoka kazini.

Mzee yule ndiye mtu wa kwanza kunionyesha kwamba maji yanaweza kusomwa. Aliniita nyathina, mwanangu, ingawa mimi si Mjaluo, na aliniruhusu kumshikia mkebe wa minyoo. Mvua ndefu zilipoanza, alikuwa akisimulia ningu: jinsi samaki hao walivyotoka ziwani mito ilipojaa, wakapanda Sondu na Nyando kwa makundi kwenda kutaga, na kijiji kizima kikashuka mtoni na mitego ya kusuka. Aliyasimulia kama mtu anayezungumzia jamaa waliohama. Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba nyavu za kisasa za makila zilifika Ghuba ya Winam mwaka 1905, zikaja kuwekwa kwenye midomo ya mito hiyo, zikiwanasa ningu kabla hawajataga, na kwamba tayari katika miaka ya 1950 uvuvi wao ulikuwa umeporomoka. Mzee hakuwa na tarehe hizo. Alijua tu kwamba baba yake alivua wengi, yeye akavua wachache, na wanawe hawakuvua kitu.

Alinifundisha pia kumtilia shaka kambare. Kambare ana kiungo juu ya matamvua kinachomwezesha kuvuta hewa ya juu, kwa hiyo anaishi mahali ambapo samaki wengine wamekufa. Mzee alisema bwawa likibaki na kambare peke yake, ujue limeanza kuugua. Alikuwa sahihi. Miji ya mabati iliongezeka juu yetu bila mabomba ya maji taka, vyoo vya shimo vilijaa vikafunguliwa mitaroni, mitaro ikaingia Motoine, na Motoine ikabeba vyote hadi bwawani. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1990 gugumaji lilikuwa limefunika maji. Mashua ziliondoka. Wenye mishipi pia waliondoka, na kwa maoni yangu hasara ya pili ilikuwa kubwa kuliko ya kwanza, kwa sababu hakubaki mtu aliyekuwa akiyatazama maji yale kila jioni akiyahitaji.

Nilipomaliza kidato cha nne, nilipata kazi katika karakana moja ya kufunga flai, nikahamia Gatina, Kawangware, ili niweze kwenda kazini kwa miguu.

Flai ni chambo cha kuvulia kinachotengenezwa kwa manyoya, nywele na uzi juu ya ndoana, kifanane na mdudu au kisamaki kidogo. Ndoana hubanwa kwenye vaisi ndogo iliyofungwa pembeni mwa meza. Mkono mmoja hushika unyoya, mwingine huzungusha uzi, na mwisho hutiwa tone la vanishi kichwani. Sanaa hii ilikuja Kenya nyuma ya trauti, samaki wa maji baridi ambao mayai yao yaliletwa na mlowezi Ewart Grogan kutoka Loch Leven, Uskoti, yakawekwa Mto Gura, kwenye milima ya Aberdare. Mwaka ulikuwa 1905, ule ule wa nyavu za Winam. Walowezi walihitaji flai, Waafrika wakafundishwa kuzifunga, na baada ya walowezi wengi kuondoka mikono ilibaki. Leo flai nyingi zinazouzwa katika maduka ya wavuvi wa Ulaya na Marekani zimefungwa Kenya, wengi wa wafungaji wakiwa wanawake wanaorudi jioni kwenye mitaa kama Kawangware na Kibera. Aprili 2025 Marekani ilipotangaza ushuru wa asilimia 10 kwa bidhaa za Kenya, redio zilizungumzia nguo, maua, kahawa na makadamia. Wanawake ninaowafahamu walikuwa na hofu ile ile ya mshonaji wa Athi River, na hakuna aliyewataja.

Tulilipwa kwa dazeni. Flai kumi na mbili lazima zifanane kama zimetoka tumbo moja, na mkaguzi alikuwa na haki ya kukurudishia zote kwa sababu ya moja yenye kichwa kinene. Aliyenifundisha alikuwa mama wa makamo ambaye sote tulimwita Auntie, mtulivu, mwenye vidole ambavyo havikuonekana kuharakisha ingawa alimaliza kabla yetu. Kila alipopita nyuma yangu alisema neno moja: punguza. Punguza nywele. Punguza uzi. Mimi niliona kwamba mnunuzi akilipa pesa zake anastahili flai iliyonona, na sikuelewa kwa nini wembamba uwe ndio ubora.

Kati ya Desemba na Februari meza zetu zilijaa oda za samaki mmoja ambaye hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumwona: besi wa mistari. Picha yake ilikuwa ukutani, imekatwa kwenye kalenda ya zamani. Ni samaki wa fedha mwenye mistari saba au minane myeusi kutoka shavuni hadi mkiani, anayeweza kuwa mkubwa kama mtoto wa shule. Huishi baharini, pwani ya mashariki ya Marekani, na majira ya kuchipua, maji yanapoanza kupata joto, hupanda mitoni kutaga: Hudson, Delaware, mito ya ghuba ya Chesapeake. Kwa hiyo baridi ya wenzetu ilikuwa msimu wetu wa kazi, ili ndoana ziwe madukani kabla samaki hajaanza safari.

Tulimfungia aina mbili zaidi ya nyingine. Moja ilibuniwa na Lefty Kreh mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya besi wa Chesapeake: manyoya marefu ya jogoo nyuma, nywele za mkia wa kulungu mbele, umbo la kisamaki kinachokimbia. Wamarekani waliithamini hata wakaichapisha kwenye stempu ya posta mwaka 1991. Nyingine ni ya Bob Clouser wa Pennsylvania, ya mwaka 1987, yenye macho mawili ya risasi yaliyofungwa juu ya ndoana ili igeuke, ncha ikaelekea juu, isikwame kwenye mawe. Nilizijua flai hizi kwa vidole hata stima ikipotea. Nilijua kila kitu kuzihusu isipokuwa maji.

Maji niliyokuwa nayo yalikuwa chini ya Gatina. Mto Nairobi unapita bondeni hapo, kati yetu na Kangemi, ukitoka kwenye kinamasi cha Ondiri huko Kikuyu. Kingoni kulikuwa na nduma, sukuma wiki na majani ya ng'ombe, na katikati palipita maji ya kijivu yenye povu. Watoto walirukia mawe wakivuka. Sikumwona mtu akitupa mshipi pale, wala sikufikiria kwamba mtu angeweza. Asubuhi niliuvuka mto mfu kwenda kumtengenezea mtu mwingine kifaa cha kufurahia mto hai, na kwa muda mrefu jambo hilo halikunishangaza. Umaskini una tabia hiyo ya kufanya mambo yasishangaze.

Kisha Aprili moja akaja mgeni, mnunuzi kutoka Pennsylvania, mzee mwenye kofia iliyofifia ambaye alitaka kuona mikono iliyokuwa ikimfungia flai. Alikaa mezani na Auntie karibu asubuhi nzima. Alipouliza wangapi kati yetu wamewahi kuvua, kukawa kimya, na siku ileile akamwomba mwajiri ruhusa ya kutupeleka mtoni Jumamosi.

Tuliondoka Kawangware kabla ya mapambazuko kwa matatu ya kukodi, tukapita Thika na Karatina hadi Kiganjo, ambako serikali imekuwa na kituo cha kuzalisha trauti tangu 1948. Tulilipia vibali vya kuvulia, tukateremka hadi Sagana. Maji yanatoka Mlima Kenya. Niliyatia mkono nikautoa haraka kwa baridi. Yalikuwa maangavu, nikaona changarawe chini, nikaona hata kivuli changu juu ya changarawe.

Mgeni hakutupa mshipi kwanza. Alitusimamisha tutazame. Samaki, alieleza, hukabili mkondo, na hataki kuchoka bure: hukaa nyuma ya jiwe kubwa, mahali maji ya polepole yanapogusa maji ya kasi, akingoja chakula kiletwe. Tafuta mpaka wa maji mawili. Nilisikia sauti ya mzee wa Nyakach, aliyenifundisha jambo lile lile kwa Kiswahili cha Kibera, na nikagundua kwamba maarifa haya hayana kabila wala rangi. Yanapatikana kwa yeyote aliyesimama kingoni vya kutosha.

Alifunga kwenye mshipi Clouser ndogo, ya nywele nyeupe na za manjano, akaivuta polepole mbele ya miguu yetu penye maji tulivu. Kile kitu kilichokuwa kikilala mezani kama uchafu wa fagio kilifunguka. Nywele zilitanuka, zikajikusanya, zikatanuka tena. Maji yalikuwa yakipita katikati yake. Hapo ndipo nilipoelewa neno la Auntie. Flai iliyonona hainywi maji. Husukumwa kama kijiti. Nafasi unayoiacha kati ya nywele ndiyo inayoipa uhai. Auntie mwenyewe alikuwa amechuchumaa kando yangu, na nilipomgeukia niliona macho yake yamejaa. Alikuwa ameifunga flai ile kwa miaka mingi kuliko sisi sote. Alikuwa hajawahi kuiona ikifanya kazi.

Sitaki kulipita jambo hilo upesi. Tunapozungumza juu ya kazi za mikono nchini, tunazungumzia malipo, na ni haki, malipo ni madogo. Lakini kuna mshahara mwingine ambao mfanyakazi ananyimwa bila mtu kukusudia: kuona mwisho wa kazi yake. Fundi wa viti huona mtu akikaa. Mshonaji humwona bibi arusi. Wafungaji wa flai walitenganishwa na mwisho wa kazi yao na bahari nzima, ilhali mto wenye trauti ulikuwa safari ya asubuhi moja. Tangu siku ile Auntie alifunga vizuri zaidi, kama hilo lawezekana, na alianza kutueleza sababu badala ya kusema punguza tu.

Tulivua kwa zamu. Upepo na vichaka vilitunyang'anya flai kadhaa. Karibu saa sita mwenzetu mmoja alimpata trauti wa upinde wa mvua, mwenye mstari wa waridi ubavuni, urefu wa kiganja na nusu. Tulipiga vigelegele. Mgeni akalowesha mikono, akamtoa ndoana, akamrudisha majini.

Mwenzetu alikasirika kweli. Ana watoto wanne, na kwetu samaki ni kitoweo. Kawangware alikuwa akinunua mgongo wazi, mifupa ya mbuta iliyobaki baada ya viwanda kukata minofu ya kuuza ng'ambo. "Mzee, hicho ni chakula cha watoto umekitupa," alimwambia, na mimi nikatafsiri bila kupunguza. Mgeni hakumdharau. Alisema ana haki, na kwamba samaki anayefuata angekuwa wake. Hakukuwa na anayefuata. Mvua ilishuka kutoka mlimani, Sagana ikapanda na kuwa rangi ya chai ya maziwa, na uvuvi ukaisha.

Tulijibana ndani ya matatu na chupa ya chai, na hapo alijieleza. Alisema katika ujana wake besi wa mistari walikaribia kwisha kwa kuvuliwa kupita kiasi. Mwaka 1984 bunge lao lilipitisha sheria ya kuwalinda, na mwaka 1985 jimbo la Maryland likafunga uvuvi wa besi hao kabisa hadi 1990. Wavuvi wa kibiashara waliumia. Yeye mwenyewe alikaa miaka hiyo bila kumgusa samaki aliyempenda. Kufikia 1995 besi wa pwani ile walitangazwa kuwa wamerudi. Kurudisha samaki majini kulikuwa, kwake, desturi ya mtu aliyewahi kuona mto ukiwa mtupu. Mwenzetu alisikiliza akasema anaelewa, lakini mtu mwenye njaa apewe sheria pamoja na chakula. Nadhani wote wawili walikuwa sahihi, na kila mpango wa kulinda maji katika nchi yetu unaomsahau mmoja wao huvunjika.

Lakini lililonikaa zaidi lilihusu mto wake, Delaware. Hapo Philadelphia, katika miaka ya 1940 hadi 1960, maji taka ya jiji na viwanda yaliumaliza mto hewa. Vijidudu vinavyoozesha kinyesi hutumia oksijeni iliyoyeyuka majini, na kinyesi kikizidi, oksijeni huisha. Wakati wa joto sehemu ile ya mto ilikuwa ukuta usioonekana: samaki waliotoka baharini hawakuweza kupita. Haikuwa kwamba chupa na makaratasi yaliwazuia. Kilichowafungulia njia ni mitambo ya kusafisha maji taka, iliyojengwa na kuboreshwa hasa baada ya sheria ya maji safi ya mwaka 1972. Oksijeni ilirudi, na besi wakarudi kutaga. Na miongoni mwa waliopiga kelele, wakahudhuria mikutano, wakawachosha wabunge kwa barua, walikuwa watu wenye fimbo za kuvulia. Walikuwa na kitu cha kudai.

Usiku ule nilivuka daraja la kwetu nikiwa na swali jipya. Mto Nairobi haukuwa na mtu wa kuudai. Waliokuwa wakiishi kando yake walihesabiwa kuwa wachafuzi na wavamizi, na mara nyingi ndivyo wanavyohesabiwa hadi leo. Lakini mama wa Gatina anayekosa choo hakuuchagua mto uwe choo. Katika Kibera, shirika la Umande Trust lilijenga vituo vya vyoo vinavyogeuza kinyesi kuwa gesi ya kupikia, na kile cha Katwekera nimekitembelea mwenyewe: watu wanalipa kidogo, wanakitumia, wanakitunza. Penye choo kinachofanya kazi, kinyesi hakifiki Motoine. Hilo ni la msingi kuliko miti ya mapambo, nami nasema hivi nikiipenda miti.

Siku hizi sifungi tena kwa dazeni, nafundisha wasichana. Somo la kwanza tunalifanya nje ya mji, Ondiri, maana nataka waone kwamba maji yanayopita Kawangware yakiwa kijivu huanza safari yakiwa safi, umbali mfupi juu yetu. Kisha tunarudi mezani. Wanafunga kwa ajili ya besi wa Delaware kama nilivyofunga mimi, na nawaeleza mto ule ulipitia nini.

Kwa hiyo, kwenye mikutano ya mradi huu wa mito, naomba jambo moja, na nitaendelea kuliomba. Pimeni oksijeni ya maji kila wiki, pale Motoine inapoingia bwawani na pale Mto Nairobi unapopita chini ya Gatina, mkaandike namba kwenye ubao ambapo kila mpita njia ataisoma, kwa Kiswahili. Reki zikikusanya chupa na namba ikabaki sifuri, tutajua pesa ziende kwenye mabomba na vyoo. Namba ikianza kupanda, hata kidogo, wekeni vifaranga vya samaki na mturuhusu tuje na mishipi. Wapo wanawake mtaani kwangu wanaoweza kuwafungia flai ya samaki yeyote mtakayemchagua.